Pikapu ya dizeli ikikataa mlima: pa kuanzia kabla hujagusa pampu

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Maana yake Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, Isuzu za 4JA1 na 4JB1, L200 za 4D56 na Nissan za TD27 ulizoziona barabarani ndizo hizo hizo. Zinapita mkono hadi mkono na gereji hadi gereji, zikibeba matoke kutoka Isingiro, samaki kutoka Ziwa Albert na mbao za kwenda Ndeeba, Kampala. Malalamiko ya wenye nazo ni mawili tu: gari halivuti, na linakunywa mafuta.

Dawa ya haraka kwenye gereji nyingi ni kufungua pampu ya injekta, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda. Fundi analegeza nati, anaingiza skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu kidogo, gari linatoka likinguruma na wingu jeusi nyuma, na mwenye gari anafurahi mpaka atakapojaza tanki tena. Mpangilio ulioko hapa chini unaiweka skrubu hiyo mwisho kabisa, na gari nyingi hazitafika huko. Mfano wangu ni Hilux ya 5L, injini ya sentimita za ujazo 2986 isiyo na turbo, yaani hakuna kinachoisukumia hewa ndani. Injini nyingine vipimo vitatofautiana, ila utaratibu wa kazi ni huu huu.

Unachotafuta hasa ni nini

Torki ni nguvu ya injini ya kuzungusha. Nguvu tunayoitaja kwa kilowati au farasi ni torki hiyo ikiunganishwa na kasi ya mzunguko. Hesabu yake ni rahisi: chukua torki kwa nyutoni mita, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, gawanya kwa 9549, umepata kilowati. 5L ikiwa mpya inatoa torki ya karibu nyutoni mita 197 kwenye mizunguko 2400.

Lakini namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1200 juu, Kabale karibu mita 2000. Hewa ya Kampala ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 11 hivi, ya Kabale kwa asilimia 18. Injini isiyo na turbo inavuta ujazo ule ule wa hewa popote ilipo, ila ukipanda juu ndani ya ujazo huo kuna oksijeni kidogo. Zile 197 za kitabu, ukifika Kabale zimebaki kama 160, hata injini iwe nzima kiasi gani. Anayekuahidi kuzirudisha zote kwa bisibisi anakuuzia moshi.

Sasa tuipeleke mlimani. Gari na mzigo ni tani mbili na nusu, mlima ni wa asilimia 6, yaani unapanda mita 6 kila ukienda mita 100, na wewe unataka kupanda kwa kilomita 60 kwa saa. Magurudumu yanahitaji karibu kilowati 34. Ukibaki gia ya tano, injini inazunguka kama 1700 hivi. Tuseme torki hapo ni 150: kilowati 27. Haitoshi, na ukikanyaga mpaka sakafuni unachoongeza ni moshi tu. Rudisha gia ya tatu, injini ipande hadi karibu 2700. Torki ni karibu ile ile, tuseme 158, lakini kilowati sasa ni 45, na hata giaboksi na difu zikila sehemu yao bado unabaki na akiba. Injini ni moja, mafuta ni yale yale, dereva tu ndiye aliyebadilisha gia. Ndiyo sababu nusu ya gari zinazoletwa kwa fundi kwamba hazivuti, ukiziendesha mwenyewe unakuta zinavuta.

Hatua ya 1: Pima kabla hujafungua chochote

Jaza tanki kwenye pampu moja ya kituo mpaka bomba likate lenyewe, andika kilomita, fanya kazi zako, rudi kwenye pampu ile ile ujaze mpaka ikate tena. Geji ya dashibodi usiitegemee. Ukitembea kilomita 390 na ikaingia lita 42, umepata kilomita 9.3 kwa lita. Kwa 5L yenye mzigo wa kawaida na barabara mchanganyiko, kati ya 9 na 11 hakuna ugonjwa. Chini ya 8, endelea kusoma.

Angalia tairi kabla hujaziamini kilomita. Hilux nyingi zilitoka na tairi za 205R16, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 743. Watu wanapenda kuweka 265/70R16, kipenyo milimita 777, kwa sababu gari linapendeza. Tairi kubwa inaenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, hivyo dashibodi ikisema 390 umetembea kweli kama 408, na ulaji wako ni 9.7, si 9.3. Ubaya wa upande wa pili ni kwamba tairi hiyo imekunyang'anya karibu asilimia 4 na nusu ya msukumo barabarani, kwenye kila gia. Umenunua urembo kwa torki.

Kipimo cha pili ni cha mlima. Chagua mlima mmoja unaopita mara kwa mara, alama ya kuanzia na ya kumalizia, gia moja, mzigo unaofanana. Mtu wa pembeni ashike saa ya simu na kuangalia rangi ya moshi kwenye kioo. Andika. Bila karatasi hiyo, kila fundi atakuambia amekuponya na wewe utaamini kwa sababu umelipa.

Hatua ya 2: Vitu vya bure

Mwambie mtu aketi akanyage mafuta mpaka chini, wewe inama kwenye injini uangalie mkono wa pampu. Unatakiwa ugonge kizuizi chake cha mwisho. Gari nyingi kuukuu haugongi: kebo imelegea, au zulia nene limejaa chini ya pedali. Unabaki na sentimita nzima ambayo haijawahi kutumika tangu zulia lilipowekwa. Kaza kebo, kata zulia.

Klachi: barabara ikiwa tambarare na huna gari nyuma yako, tia gia ya nne ukiwa na mwendo mdogo, kisha kanyaga mafuta yote. Mlio wa injini ukipanda na gari halifuati, klachi inateleza na mafuta yako yanageuka joto na harufu. Hapo pampu haihusiki.

Breki: baada ya safari usiyofunga breki sana, sogeza mkono karibu na rimu zote nne. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, pistoni ya kaliper imeganda au brekishuu zimebanwa mno. Inua gurudumu kwa jeki ulizungushe kwa mkono. Wenye fowili walegeze habu za mbele wanapotembea lami kavu.

Upepo wa tairi jaza asubuhi, tairi ikiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa mlangoni. Kibandiko kikiwa kimekwisha, na kwa umri wa gari hizi mara nyingi kimekwisha, tafuta kitabu cha gari badala ya kukisia.

Halafu thamostati. Gari likichemka mara moja, mafundi wengi hapa kwetu wanaitoa na kuitupa. Injini haichemki tena, ila pia haipati joto. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi juu ya nyuzi 80 inazunguka kwenye nyuzi 60, inawaka vibaya, oili inabaki nzito, na kila asubuhi ya Kabale au Kapchorwa unailipa kwenye kituo cha mafuta. Irudishe. Kama bila hiyo gari linachemka, tatizo ni rediata iliyoziba, feni, au gasketi ya silinda hedi, na hilo ndilo la kutibu.

Hatua ya 3: Hewa

Injini ya dizeli haina uhaba wa mafuta, ina uhaba wa hewa. Toa filta ya hewa, weka taa ndani yake gizani: usipoona mwanga ukipenya mikunjo, imekwisha. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje na kwa upepo mdogo, maana upepo mkali unatoboa karatasi. Filta iliyopulizwa mara nyingi inapitisha vumbi jekundu ambalo huwezi kuliona, na vumbi hilo ndilo linalosaga ringi.

Fuata bomba kutoka kwenye boksi la filta hadi kwenye injini, ulipinde kwa mikono. Ufa unaojificha kwenye mikunjo ya mpira hufunguka injini ikivuta. Ndani ya bomba pakiwa na vumbi, jua injini imekuwa ikila mchanga, na uharakishe kipimo cha kompreshani (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) kilichoko kwenye hatua ya 5.

Kwa wenye turbo, pitia klipu na mabomba yote kati ya turbo na injini. Alama ya oili yenye vumbi kwenye maungio ndipo upepo unapotorokea. Ukisikia mluzi mpya ukikanyaga mafuta, na moshi mweusi ukafuata, tafuta bomba lililopasuka kabla hujakubali kuambiwa turbo imekufa.

Hatua ya 4: Mafuta yanavyofika

Badilisha filta ya dizeli, na utoe maji chini yake. Legeza skrubu ya chini, shikilia chupa ya plastiki angavu, pampu kwa mkono. Maji yatakaa chini ya chupa na dizeli juu, utayaona kwa macho. Anayenunua dizeli ya jerikeni kandokando ya barabara afanye hivi kila mara, au aache kununua huko. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi ya maji: pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayalainishi. Bei uliyookoa kwenye jerikeni italipwa kwenye meza ya fundi pampu.

Kinachofuata ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu ni cha bei ya mpira. Kati ya filta na pampu ya injekta, weka kipande cha mpira angavu unaovumilia dizeli, urefu wa kiganja. Washa injini, iache dakika kadhaa, kisha piga resi. Dizeli safi itapita kama haipo. Ukiona mapovu yakikimbia, mfumo unavuta hewa: mpira wa tanki umekauka, klipu imelegea, oringi ya filta imekatika, au pampu ya mkono imechoka. Gari la namna hiyo linawaka kwa shida asubuhi, linakosa nguvu kwenye mwendo mkubwa, linakata moto bila sababu, na fundi atabadilisha nozo, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, mara mbili bila kupona. Usipoona mapovu lakini dizeli inapita kwa kusitasita, chujio la ndani ya tanki limeziba. Ukimaliza, rudisha mpira wa kawaida. Huo angavu haukutengenezwa kuishi kwenye joto la injini.

Hatua ya 5: Soma moshi, halafu fundi apime

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli ambayo haikuwaka: injini baridi, hita plagi mbovu, taimingi (wakati wa kuingiza mafuta) iliyochelewa, kompreshani ndogo. Mweupe wenye harufu tamu, na maji ya rediata yanapungua, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Wa bluu ni oili. Juu ya milima ya Kabale injini isiyo na turbo itatoa weusi kidogo kwa sababu hewa imepungua na pampu nyingi hazijui hilo. Usilitibu jambo la mwinuko kama ugonjwa.

Kompreshani ipimwe kabla ya kulipia nozo wala pampu. Kwa injini hizi za L za Toyota kiwango cha chini ni karibu bar 20, na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya bar 5. Zikiwa chini zote, injini imechoka na inahitaji oveholi, hakuna skrubu itakayoiokoa. Moja ikiwa chini peke yake, anza na valvu. Nafasi za valvu kwa 3L na 5L injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 hadi 0.30 upande wa kuingiza, na 0.40 hadi 0.50 upande wa kutolea. Wenye gari wachache sana wamewahi kuzipima, kwa sababu zinarekebishwa kwa vipande vya chuma vinavyobadilishwa na kazi inataka subira.

Nozo zitolewe zikapimwe kwenye mashine ya fundi nozo. Simama hapo uangalie. Mnyunyizo uwe ukungu wenye umbo la koni, ukatike ghafla, usiache tone likining'inia kwenye ncha. Nozo inayodondosha inapasua mlio wa injini, inatoa moshi, na mwisho inatoboa pistoni. Ukinunua mpya kwenye Soko la Kisekka, Kampala, nunua seti nzima na zipimwe mbele yako kabla ya kufungwa, maana boksi zuri halisemi kilichomo. Washa za shaba ziwe mpya pia.

Mwisho ni taimingi ya pampu. Belti ikichoka na pampu ikifungwa kwa kukisia, mafuta yanaingia yakiwa yamechelewa: nguvu inapungua, ekzosi inapata joto kali, ulaji unapanda. Yakiwahi mno injini inagonga kwa sauti ya chuma. Fundi aweke kwa dayogeji (geji ya mshale) nyuma ya pampu, si kwa sikio. Na belti yenyewe, kwa 2L, 3L na 5L, ni ya kilomita 100,000. Ikikatika njiani valvu zinakutana na pistoni. Kama umenunua gari na hujui lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa.

Hatua ya 6: Skrubu ya pampu

Umefika hapa, kila kitu kimepimwa, na mlima bado unakushinda. Sasa ndipo tuongee juu yake.

Dizeli inahitaji kama kilo 14 na nusu za hewa kuunguza kilo moja ya mafuta, lakini kwa kuwa muda wa kuchanganyika ni mdogo, injini inaanza kutoa moshi kabla hata ya kufika hapo. Kiwandani skrubu iliwekwa karibu na mpaka huo. Kwenye mwinuko wetu, wenye hewa pungufu, tayari umeukaribia zaidi. Kuongeza mafuta kunaongeza torki kidogo, kisha kunaongeza joto la ekzosi na masizi tu. Joto hilo ndilo linalopasua hedi, na hedi za 2L-T zinajulikana kwa hilo toka zamani.

Kwa injini isiyo na turbo, kama pampu yako imeshafunguliwa na mtu, kazi ya maana ni kuirudisha. Chora alama kwa rangi mahali ilipo, rudisha nje kwa moja ya nane ya mzunguko, rekebisha sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta), peleka mlima ule ule. Endelea mpaka mwenzako kwenye kioo aone ukijivu mwepesi tu chini ya mzigo. Mara nyingi muda wa kupanda haubadiliki, na tanki linaongezeka kilomita. Kwa injini yenye turbo usiongeze chochote bila geji ya joto la ekzosi. Anayesema hahitaji geji hana mpango wa kulipia hedi yako.

Kubadilisha injini nzima, tuseme kuweka 1KZ-TE yenye turbo badala ya 3L, ni njia halali ya kupata torki. Hesabu pamoja na rediata, klachi, breki na waya za kompyuta yake, na namba mpya ya injini iandikishwe kwenye logibuku. Ukijumlisha yote, wengi wanarudi kwenye oveholi.

Hatua ya 7: Mguu wa dereva

Mlimani rudisha gia kabla injini haijachoka, si baada. Gari hizi nyingi hazina geji ya mizunguko, kwa hiyo jifunze mwendo wa kila gia: kwa Hilux, gia ya tatu karibu 60 na ya nne karibu 75 ndipo torki ilipo. Kanyaga robo tatu. Robo ya mwisho ya pedali kwenye injini kuukuu ni masizi.

Kuteremka, usiachie fri. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, gavana ya pampu, yaani kidhibiti chake cha mafuta, inakata dizeli na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fri unachoma dizeli ya sailensa, na breki zinabeba tani mbili na nusu peke yake. Kwenye kona za Kabale kwenda Kisoro hilo si suala la mafuta tena.

Barabara ya Masaka ikifunguka, kumbuka upepo. Nguvu ya kuupasua inakua kwa kipeo cha tatu cha mwendo, yaani mwendo ukizidishwa kwa mwendo kisha kwa mwendo tena: kutoka 80 hadi 100 kwa saa, nguvu inayokwenda kwenye upepo peke yake inakaribia kuwa mara mbili. Turubai linalopepea na keria tupu ya juu vinaongeza.

Baada ya kila hatua iliyobadilisha kitu, jaza tanki tena kwenye pampu ile ile, panda mlima ule ule kwa gia ile ile, uandike chini ya namba za kwanza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha filta, nozo na taimingi siku moja, gari likipona hutajua ni kipi kilichoponya, na likiharibika hutajua umdai nani.